Bundi Kwangu, Uso Kwake

Magharibi ilikuwa inakaribia Mahfoudha alipojitanda kanga, akatwaa bakuli, akavuka uwanja kwenda kwa mke mwenziwe kuomba hamira. Hamira mwenyewe anayo, tena tele. Alilolifuata silo.

Ilikuwa mwaka wa tisini na sita, hapo mjini Ibra, Omani. Mume wao, Marhun, alirudi soko la Sinaw na visarafu viwili vya fedha, vidogo kama kucha ya kidole cha mwisho. Vya miji ya Wayunani wa kale, alisema, kila mji na alama yake. Kimoja kina uso wa mwanamke, umesagika hata pua hauna. Cha pili kina bundi, kakodoa macho. Cha uso akampa Raghad, mke wa miezi minne. Cha bundi akampa Mahfoudha, mke wa miaka ishirini.

Bundi.

Mahfoudha kazaliwa Unguja. Kwao bundi akilia juu ya paa, watu hutia chumvi motoni wakamlaani. Leo mumewe anataka amvae shingoni! Raghad, mzaliwa wa huku huku Omani, hakuona tabu. Ndege tu, akasema, tena ana macho mazuri. Marhun alipotaka kueleza, Mahfoudha akamfungia mlango. Kijicho kikamkaa kooni kama mwiba wa samaki.

Sasa Raghad yuko jikoni, kaenda kumtolea hamira. Mkufu wake unaning'inia kando ya kioo, na kile kisarafu cha uso kimepachikwa. Mahfoudha akachomoa uso, akapachika bundi...

Ndara zikasikika. Pa... pa... pa...

Hana pa kuficha. Akakitia kisarafu chini ya ulimi.

"Mbona kimya, dada?" Raghad akampa hamira, anacheka. "Leo hunisimangi?"

Mahfoudha akatikisa kichwa. Kinywa kilimjaa udongo mbichi, harufu ya kaburi lililofukuliwa. Kisha, pale chini ya ulimi, kile kisarafu...

Kikajigeuza.

Alifika kwake hana pumzi, akakitema kiganjani. Uso sasa una pua. Na pua ina tundu la kipini, upande wa kushoto, kama yake.

Akakifungia kashani. Asubuhi akakichungulia: kimeota nyusi. Siku ya pili, kovu la ndui kidevuni. Vyake vyote. Kwenye kioo hakuthubutu kujitazama. Akijipapasa usoni, vidole vinateleza, kama juu ya sabuni iliyokwishatumika.

Siku ya tatu Marhun akaja, na zamu haikuwa yake Mahfoudha. Raghad alimkuta bundi mkufuni mwake, akamweleza mumewe yote, bila ya hasira. Kaja kusuluhisha. Mahfoudha akafungua mlango kwa furaha.

Marhun akainamisha macho, kama afanyavyo mwanamume mbele ya mwanamke asiyemjua.

"Samahani, mama. Mke wangu yupo?"

Akataka kusema ndimi, kinywa kikamjaa udongo ule ule.

"Basi mwambie," Marhun akasema taratibu, "yule bundi nilimtolea mbuzi watatu, kwa kuwa yeye ndiye mke wangu mkubwa. Ule uso nilipewa bure, nyongeza. Bedui aliyeniuzia alinisihi jambo moja tu: usichukuliwe ila kwa kupewa."

Mahfoudha akamshika mkono wa kanzu. Marhun akajibandua kwa adabu, akapaza sauti kuelekea chumbani.

"Mahfoudha!"

Na humo kashani, sauti laini ikaitika.

"Labeka, bwana."