Namba Ambayo Hattie Hakuisoma

Kila siku baada ya shule, Hattie Ackroyd alipanda kilima hadi nyumbani kwa bibi yake mjini Halifax, Uingereza, akafungua mlango bila kubisha na kupaza sauti, "Nimefika, Bibi!" Bibi Doreen alikuwa na kawaida ya kumjibu kutoka jikoni kabla hata hajavua viatu. Hattie, msichana wa miaka kumi na miwili, alikaa hapo akifanya kazi za shule na kula mkate wa kuchoma kwa maharage ya kopo, mpaka mama yake, aliyekuwa mhudumu wa wazee, apite kumchukua jioni.

Aliipenda nyumba ile yote, isipokuwa stoo ya chini. Ilikuwa chini ya jikoni, na mtu alishukia huko kwa ngazi za mawe zenye utelezi. Taa yake ilikuwa imeungua zamani na hakuna aliyejali kuibadilisha. Miaka miwili nyuma, binamu yake Corey alimsukuma humo kwa mzaha akafunga mlango. Alipomfungulia, Hattie alikuwa amelia mpaka sauti imemkauka, huku Corey akicheka na kushika mbavu. Tangu siku ile hakukanyaga tena ngazi zile, na kwa kuona aibu hakumwambia mtu.

Jumamosi moja ya Januari, Bibi aliwaita wajukuu wote wawili mezani. Mkataba wake wa gesi, ile iliyopasha joto hita za nyumba nzima, ulikuwa unakaribia kwisha, naye alitaka kujua kama ipo kampuni ya bei nafuu zaidi. Corey, aliyekuwa na miaka kumi na minne na kujiona fundi wa kila kitu chenye kioo, alifungua kwenye simu yake tovuti ya kulinganisha bei.

"Inauliza unakaa wapi, uko na kampuni gani, na kwa mwaka unatumia gesi kiasi gani," Corey alisema. "Kama hujui, inakisia yenyewe kwa ukubwa wa nyumba. Niandike vyumba vitatu?"

"Thubutu!" Bibi alisema. "Vyumba ni vitatu lakini nalala kimoja. Vile viwili nimefunga hita tangu babu yenu alipofariki. Ikikisia, itanihesabia gesi ya ukoo mzima. Nataka namba yangu ya kweli. Mita ilivyosoma mwaka jana siku kama hizi niliandika hapa ukutani jikoni kwa penseli. Tukipata ya leo, tunatoa ile, tunajua nimetumia ngapi." Akamgeukia Hattie na kumpa tochi. "Hebu kipenzi, shuka stoo unisomee mita. Mimi na magoti haya nitafika huko kwa kubingirika."

Hattie aliichukua tochi. Alifungua mlango wa stoo, akaweka mguu mmoja kwenye ngazi ya kwanza. Harufu ya unyevu ikampiga usoni. Mahali fulani kule chini maji yalidondoka, na mwanga wa tochi haukufika mwisho wa ngazi.

"Ukikutana na mzimu, mwambie Corey anamsalimia!" binamu yake akapaza sauti kutoka mezani.

Hattie alisimama pale pale kwenye ngazi. Alijua namba ya ukutani ilikuwa elfu nne mia moja na ishirini. Akawaza kwamba mwaka ni mrefu, na gesi huwaka kila siku, kwa hiyo mita lazima iwe imekwenda mbali. Akahesabu pumzi kadhaa ili ionekane kama amefika chini, kisha akarudi mezani.

"Elfu tano na mia tisa," alisema.

Corey akatoa ile ya ukutani, akaandika kilichobaki. Tovuti haikuwa na muujiza wowote. Ilichukua gesi ambayo Bibi alisemekana kutumia, ikaizidisha kwa bei ya kila uniti ya kampuni yake, kisha ikaongeza ile ada ya kila siku ambayo mtu hulipa atumie asitumie. Ikafanya hesabu hiyo hiyo kwa kila kampuni nyingine. Tofauti ya hesabu mbili ndiyo iliyoitwa akiba.

"Pauni mia mbili na kumi na nne!" Corey aliruka kwenye kiti. "Bibi, ukihama utaokoa zote hizo kwa mwaka! Utanunua nini?"

Lakini Bibi hakuwa akitazama akiba. Alikuwa akitazama tarakimu ya juu yake, ile ya gharama yake ya sasa kwa mwaka mzima, na uso wake ulikuwa umepoteza rangi.

"Zaidi ya pauni elfu moja?" alisema polepole. "Mimi nalipa hata nusu yake haifiki. Hattie, una uhakika umesoma vizuri?"

Mlango wa kusema ukweli ulikuwa wazi mbele yake. Corey alikuwa akimtazama huku akitabasamu kwa upande mmoja wa mdomo.

"Ndiyo, Bibi," Hattie alijibu.

"Basi kampuni imekuwa ikinikadiria chini muda wote huu," Bibi alisema. "Siku watakapokuja kusoma mita wenyewe, wataniletea deni lote kwa mpigo. Nihamishe, Corey. Nihamishe leo hii." Alipokuwa akinyanyuka, aliinua mkono na kuzima hita ya jikoni, kisha ya ukumbini. Hattie alisikia vyuma vikilia vilipokuwa vikipoa, na moyo wake ukaingia hofu ambayo haikumtoka tena.

Siku zilizofuata nyumba ya Bibi ikawa baridi kuliko kituo cha basi. Bibi alishinda amevaa koti na kofia ya sufu, akikumbatia chupa ya maji ya moto. Midomo yake ilikuwa na rangi ya buluu. Hattie alipomsihi awashe hita japo kidogo, alitikisa kichwa.

"Nimefuja vya kutosha, mwanangu. Sijui hata nimeifujia wapi hiyo gesi," alisema, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayejilaumu.

Hattie hakulala vizuri. Kila alipofumba macho alimwona Bibi amekaa gizani na kofia yake. Shuleni alimtafuta Corey kwenye ukumbi wa chakula.

"Corey, ile namba ya mita... kama ilikuwa na kosa, ingekuwaje?"

"Tovuti haikosei bwana. Inapiga hesabu tu." Corey alimtazama kwa makini. "Kwa nini? Usiniambie uliogopa ukasoma ukiwa umefumba macho. Mwoga kama kunguru wewe!"

Wavulana waliokaa naye wakacheka. Hattie aliondoka na sahani yake bila kula, akajiambia kwamba atasema kesho.

Kesho yake alipofungua mlango na kupaza sauti, "Nimefika, Bibi!" hakuna aliyemjibu.

Alimkuta kwenye kiti chake sebuleni. Alikuwa macho, lakini macho yenyewe yalikuwa mazito kama ya mtu aliyeamshwa usingizini. Vifungo vya koti lake vilikuwa vimefungwa vibaya, na vidole vyake vilikuwa bado vinahangaika navyo. Juzi alikuwa akitetemeka, leo hakutetemeka kabisa.

"Joanne?" Bibi alisema. Joanne lilikuwa jina la mama yake Hattie. "Umerudi... shule?" Maneno yalitoka yakiburuta, kama ya mlevi.

Hattie aliogopa kuliko alivyowahi kuogopa maishani mwake. Stoo ile na giza lake lote haikufika hata robo ya woga huu. Alikimbilia swichi ya hita na kuiwasha mpaka mwisho, kisha akampigia mama yake.

"Hatetemeki? Na maneno hayatoki sawa?" Mama aliuliza upesi. "Hattie, nisikilize. Hiyo ni baridi imemwingia mwilini. Piga 999 sasa hivi walete gari la wagonjwa, nami niko njiani. Mfunike blanketi, kofia asivue, na umkumbatie. Usimsugue mikono wala miguu."

Hattie alipiga, akataja mtaa na namba ya nyumba. Akaleta mablanketi yote ya kitandani, akajibanza kando ya Bibi kwenye kiti kile kimoja. Mwili wa Bibi ulikuwa wa baridi hata kupitia nguo.

"Zima," Bibi alinong'ona, akijaribu kunyanyuka. "Zima hita... deni..."

"Hakuna deni, Bibi! Sikusoma mita!" Hattie alianza kulia kwa sauti. "Niliogopa kushuka. Namba niliitunga mwenyewe pale juu ya ngazi. Hujafuja chochote. Ni mimi!"

Bibi alimtazama kama mtu anayesikiliza kutoka mbali. "Unasema nini, mwanangu?"

Kwa hiyo Hattie alilazimika kusema tena, polepole, neno kwa neno, na mara ya pili ilimuuma zaidi.  Bibi aliacha kuhangaika tu, akakilaza kichwa chake begani mwa mjukuu wake, na Hattie hakujua kama amemwelewa au kama nguvu zimemwishia. Wakakaa hivyo mpaka waliposikia gari la wagonjwa likipanda kilima.

Wahudumu wa gari la wagonjwa walimpima na kumpasha joto taratibu. Mmoja wao alimwambia Mama kwamba wamewahi, ila nyumba ile isiachwe kuwa baridi tena hata siku moja. Mama akahamia kwa Bibi wiki yote. Bibi alipoanza kutetemeka tena, ishara kwamba mwili umeanza kupambana na baridi, kisha kulalamika kwamba chai haina sukari, Mama alicheka huku akifuta machozi.

Jumamosi walikaa tena mezani, safari hii na Mama, na nyumba ina joto. Hattie alimweleza Corey mbele ya wote jinsi alivyotunga namba na kwa nini aliogopa. Alisubiri kicheko. Corey aliinamisha kichwa.

"Ni mimi niliyekufungia kule," alisema. "Sikujua ulikuwa bado unaogopa. Nisamehe, Hattie. Twende wote, mimi nitatangulia na mwanga."

Walishuka. Hattie alimshika Corey nyuma ya fulana, na hakumwachia ngazi zote hadi chini. Mita ilikuwa ukutani, ina vumbi. Akaifuta kwa kiganja, akaisoma, kisha akairudia kuisoma kwa sauti ili Corey naye aione: elfu nne mia tano sabini na moja.

Corey alipoiingiza, tovuti ikapiga hesabu upya. Ile akiba ya pauni mia mbili na kumi na nne ikatoweka. Kampuni ile mpya ingemgharimu Bibi pauni kumi na tatu zaidi kuliko aliyokuwa nayo.

"Haiwezekani!" Corey alisema. "Kampuni ni ile ile, bei ni zile zile."

"Angalia ada yake ya kila siku ilivyo kubwa," Mama alisema, akionyesha kwa kidole. "Uniti zake ni rahisi, kwa hiyo anayetumia gesi nyingi anapata nafuu, na ada haimuumi. Bibi yako anatumia kidogo. Uniti rahisi hazimsaidii sana, na ada inammaliza. Ndiyo maana kwanza wanakuuliza unatumia kiasi gani. Akiba ile ilikuwa ya mtu mwingine ambaye hayupo."

Mama akapiga simu kwenye kampuni mpya. Siku za kuruhusiwa kughairi zilikuwa hazijaisha, na uhamisho ukafutwa bila faini. Bibi akabaki na kampuni yake ya zamani, na kumbe malipo yake ya kila mwezi yalikuwa sawa tangu mwanzo.

Hattie alikuwa bado na swali moja, na aliogopa kuliuliza kuliko kitu chochote. "Bibi, mimi nilitaka kukuua?"

"Hukutaka," Bibi alisema. "Lakini ningeweza kufa, mjukuu wangu, na sitakudanganya kwamba nisingekufa." Akavuta kiti chake karibu na cha Hattie. "Sikiliza. Kuogopa stoo si kosa. Ungeniambia, 'Bibi, mimi naogopa,' ningemtuma Corey, au ningengoja mama yako, na biashara ingeishia hapo. Ila uliponipa namba ya uongo, mimi niliiamini kwa sababu ni wewe. Corey aliiandika kama alivyoisikia kwako. Ile tovuti nayo ikapiga hesabu bila kukosea hata senti. Sote tulifanya kazi yetu sawasawa juu ya uongo, na katika nyumba nzima ni wewe peke yako uliyejua. Siku nyingine ukiwa peke yako unayejua, usingoje kesho."

 Hattie aliitikia kwa kichwa, machozi yakimdondokea mapajani, na Bibi akamfunika mkono kwa mkono wake, ambao ulikuwa wa moto.