Posa Kwenye Stesheni Iliyofungwa

"Wageni wako wapi, Nafula? Chakula kinapoa."

Alikuwa mama, kwa simu, Ijumaa mchana. Mimi na Philipo tulikuwa kwenye mkahawa wa chai hapa Al Sadd, ughaibuni, yeye bado na sare ya ulinzi kutoka kazini West Bay. Wazee wake walikuwa wameondoka asubuhi kwenda kwetu kuniposa.

"Wanakuja, mama." Nikakata. "Philipo, wazee wako wapi?"

Akazungusha kikombe. Hakunywa.

"Wako Webuye. Kwa mjomba wako."

"Nani aliwaambia kwetu ni Webuye?"

"Mimi. Ningewaambia nini? Kwamba mke wangu anatoka stesheni? Nyumba ya reli, shamba hakuna, na treni zenyewe ziliisha?"

Treni ya mwisho ilipita stesheni yetu ya Makhele nikiwa darasa la sita. Baba, stesheni masta, aliipungia bendera ya kijani, akafunga dirisha la tiketi. Kesho yake akafagia jukwaa kama kawaida. Alilifagia mpaka 2011, alipofariki. Hakuna aliyewahi kuja kututoa kwenye nyumba ile.

"Mama hawezi kupokea posa yangu nyumbani kwa mtu mwingine," nikasema. "Wakila huko Webuye, mimi na wewe basi."

"Nafula, tafadhali. Baba mdogo ndiye anawaongoza, ataniaibisha."

"Mpigie. Weka sauti nisikie."

Simu ikaita, ikaita. Nilidhani haitapokelewa.

"Tumekaa tu hapa," sauti nzito ikasema. "Huyu mjomba anasema si yeye wa kumtoa binti aolewe."

"Baba mdogo... niliwadanganya. Kwao ni Makhele. Pale stesheni."

Mtu akakohoa.

"Kwa masta Wekesa?"

"Ndiyo, mzee," nikajibu mimi.

"Aliyekuwa akizuia treni mpaka kina mama wa ndizi wapakie? Philipo, wewe ni mjinga! Mama yako alipandia pale akienda kukuzaa. Treni ilimngoja!"

Philipo akafunika uso.

Tulikaa hapo hapo, chai imepoa. Jioni mama akapiga.

"Wamefika. Hawajaketi."

"Wamekasirika?"

"Wamepita nyuma kwanza, kwenye kaburi. Yule mzee amevua kofia, anamwomba baba yako akutoe."

Nikamshika Philipo mkono.

"Nafula, upo? Mwambie Philipo baba yako hajakataa. Nimebaki mimi."