Shahada ya Kadi ya Harusi

Ndugu zangu, hakuna raha kama Jumapili asubuhi mtaani kwetu Rajkot. Mzee Hasmukh anakaanga gathiya, vile vijiti vya unga wa dengu, mwanawe Jignesh anawatania wateja, bintiye Ketal anafunga vifurushi, na sisi majirani tunakula tu.

Raha hiyo ikaingia mdudu. Kwetu shahada huandikwa kando ya jina kwenye kadi ya harusi, na Mzee Hasmukh aliona haya kadi ya mwanawe, siku atakapooa, iwe tupu. Akataka kuweka rehani duka lake la gathiya, Jignesh akachukue shahada ya uzamili ya biashara katika chuo kimoja cha kulipia, chenye vioo vingi. Wakati huohuo Ketal alikuwa amefaulu mtihani wa chuo kikubwa cha serikali. Benki ingemkopesha karo, mradi baba amdhamini kwa duka hilohilo.

"Baba, nafasi yangu inaisha Ijumaa," alisema Ketal.

"Mwanangu, binti huolewa kwa watu; kumsomesha ni kumwagilia mti wa jirani."

Nilichukia hadi nikairudisha gathiya yangu sahanini.

Kesho yake baba na mwana wakaenda kukiona chuo. Kijana mmoja aliyevaa tai akawapokea kwa maneno matamu. Jignesh akamuuliza, "Kaka, wewe ulisoma wapi?"

"Hapahapa! Shahada ninayo."

"Na kazi yako?"

"Ndiyo hii, kutafuta wanafunzi."

"Wenzako je?"

Kijana akashusha sauti. "Yule wa mapokezi, na yule wa simu. Wengine bado wanahangaika."

Jignesh akacheka mpaka machozi. "Baba, twende zetu. Mimi kukaanga najua, tena napenda. Kwa duka hilo mdhamini Ketal, yeye ndiye aliyefaulu."

"Na kadi yako?"

"Andika mkaanga gathiya. Asiyemtaka, abaki na binti yake!"

Mzee alinuna njia nzima. Lakini Alhamisi tulimwona akienda benki na Ketal. Siku ya safari alimlisha mwenyewe mtindi na sukari, kama tunavyomwombea heri msafiri. Nasi tulilia kwa furaha.

FUNZO

Shahada si pambo la jina. Kabla ya kuweka riziki yako rehani, uliza waliotangulia wako wapi. Aliyefaulu apewe njia, awe binti au mwana. Nanyi wakubwa, sikieni: Ketal alifika chuoni kwa kuwa babake ana duka. Aliyefaulu kama yeye, ila babake hana hata meza ya kuuzia, mmemwekea mlango gani?