Namba Iliyofunga Mioyo ya Mbeya

Mchekecho ulikuwa mashine yenye ukubwa wa chumba kizima, na kazi yake ilikuwa moja tu: kupepeta namba. Ulimeza namba zenye tarakimu za kujaza ukuta, ukabakiza namba tasa, zile zisizogawanyika ila kwa moja na kwa zenyewe. Juu ya namba moja kati ya hizo lilijengwa kufuli la mioyo-bandia yote jijini Mbeya. Maadamu namba hiyo ilikuwa tasa, hakuna mhalifu ambaye angeweza kuusimamisha moyo wa mtu kutoka mbali.

Atupele Mwasanga, mwanahisabati wa hospitali, aliipima upya namba hiyo kwa njia yake.

"Si tasa," alimwambia mkurugenzi, Dakta Lwitiko.

"Mchekecho uliipitisha."

"Kila namba tasa hupita jaribio la Mchekecho, daktari. Lakini zipo namba chache zinazogawanyika, nazo pia hupita. Jaribio langu limeikamata hii."

"Inagawanyika kwa ngapi?"

"Sijui."

Lwitiko alicheka. "Unajua inagawanyika, hujui kwa ngapi?"

"Ndivyo hisabati ilivyo: jaribio linaonyesha kuwa namba inagawanyika bila kutaja kigawanyo. Lakini atakayekipata hicho kigawanyo atakuwa ameshika kila moyo mkononi."

Lwitiko hakucheka tena. Kubadili namba kulimaanisha kuzima kila moyo kwa muda wa pumzi chache, kisha kuuwasha. Mioyo ya zamani huenda isingewaka. Na wa zamani kuliko yote ulikuwa kifuani mwa Sekela, mwalimu wa kwaya, dada yake Atupele.

"Wewe utakuwa wa mwisho, dada," Atupele alimwambia.

"Ukiniweka mwisho, nani atakuamini? Watasema unajaribia kwa ndugu za wenzako. Anza na mimi."

"Unaweza usiamke."

"Nimekusikia. Una hakika kwamba namba ya sasa inagawanyika?"

"Nina hakika."

"Basi."

Asubuhi ya kubadili namba, wadi ilijaa. Atupele aliingiza namba mpya, akazima moyo wa dada yake. Akawasha. Akawasha tena. Wauguzi walihangaika hadi jasho likawalowesha. Sekela hakurudi.

Lwitiko alimshika bega. "Tuache, mwanangu. Nenda nyumbani."

Atupele alimfunika dada yake shuka. Akawageukia wagonjwa.

"Mmeona wenyewe, sitawaficha. Lakini namba iliyo vifuani mwenu bado ni ile ile, na inagawanyika."

Kisha Ambokile, fundi cherehani aliyelala kitanda cha pili, akaanza kufungua vifungo vya shati.

"Naogopa, binti."

"Hata mimi, baba."

"Haya. Fanya."

Atupele akamshika mkono, akauzima moyo wake. Akawasha, na moyo wa Ambokile ukadunda.

Atupele alifuta machozi kwa kiwiko, akahamia kitanda cha tatu.