Bryony Alilikataa Jina

—Hilo jina silichukui, Joel. Kama mama yako ameshalidarizi kwenye mataulo, hiyo ni shauri yake.

Joel Murgatroyd aliweka kikombe cha chai mezani. Zilikuwa zimebaki siku kumi na mbili wafunge ndoa mjini Halifax.

—Ni jina tu, Bryony.

—Kwako. Mama yangu alibadili jina mara mbili kwa ajili ya wanaume. Wa pili alikuwa anampiga, na jina la huyo ndilo limechongwa kwenye kaburi la mama. Mimi nimezaliwa Sugden, nitakufa Sugden.

Akavua pete, akaiacha mezani, akaenda zake kwa dada yake.

Siku tatu hakupokea simu za Joel. Ya nne, asubuhi, ukaingia ujumbe: "Nipo Warley, juu kilimani. Njoo uone kitu. Baada ya hapo ukisema basi, ni basi."

Alikwenda amenuna. Alimkuta Joel ameegemea ukuta wa mawe, upepo unamvuruga nywele, mkononi ana karatasi.

—Nilikwenda kwenye ofisi ya kumbukumbu kuuliza nifanyeje niitwe Sugden.

Bryony alishtuka.

—Wewe? Mama yako si angekuua?

—Angenuna mwaka mzima. Sasa yule mama wa pale akaniuliza, unajua jina unalolitupa? Nikamwambia ni la babu zangu, basi. Akacheka, akanitolea nakala hii. Soma.

Yalikuwa maandishi ya kale, yamejikunja kama mizizi. Bryony alisoma kwa taabu.

—John wa... Mergretrode. Ndiyo nini?

—Ndilo Murgatroyd, lilivyoandikwa zamani. Royd, kwa watu wa huku, ni mahali palipofyekwa msitu pakalimwa. Na Mergret ni Margaret.

—Margaret yupi?

—Hakuna anayejua. Mwanamke tu, alikuwa na shamba lake msituni, zaidi ya miaka mia sita iliyopita. Wanasema lilikuwa pande hizi hizi.

Bryony akageuka. Mteremko wa majani, kondoo wachache, ukungu ukipanda kutoka bondeni. Alijaribu kuona miti iliyokuwapo, na huyo mwanamke katikati yake. Vinyweleo vikamsimama mikononi.

—Kwa hiyo babu zako wote, na ubabe wao ule...

—Wote. Wametembea na jina la mwanamke.

—Mumewe je?

—Hatajwi. Hata kama alikuwepo.

Bryony akamrudishia karatasi.

—Usilibadili, Bryony alisema kwa sauti ya chini, kama yuko kanisani.

—Na wewe?

—Mimi nalitaka. Ila tuelewane, mpenzi: sichukui la kwako. Nachukua la kwake.

Wakafunga ndoa siku ile ile waliyopanga. Shughuli ilipokwisha, karani alimpa Bryony mkono.

—Hongera sana. Sasa tukuite Bibi nani?

Joel alimwachia ajibu mwenyewe.

—Murgatroyd, alisema Bryony, taratibu, akilisikia kila herufi.