Maji ya Don Fulgencio

Kwanza ilikuwa harufu ya tumbaku. Nyumbani kwa Doña Eduviges hakuna aliyevuta tangu mumewe, Don Fulgencio, azikwe. Lakini mchana ule, Mérida nzima imelala kwa joto, binti yake Nelba aliinusa ikitoka kwenye barakoa ya mashine ya kupumulia ya mama.

Mashine ile ndiyo iliyokuwa uhai wa Eduviges. Unene ulikuwa ukimkaba usingizini mpaka moyo ukachoka na miguu ikavimba kama maboga. Miaka mitatu ya kusukumiwa hewa kila alalapo, moyo ukarudi, naye akarudi sokoni kugombana na wauza nyanya.

"Mama, husikii harufu?"

"Nasikia koromo," Eduviges alinong'ona kutoka kwenye machela yake, kitanda cha wavu kilichoning'inia ukutani. "La baba yako."

Nelba akacheka, kisha akaitegea barakoa sikio. Mama alitoa pumzi. Ndani ya mpira wa hewa, mwingine akavuta.

Kesho yake nesi akaisoma kadi ya mashine inayorekodi pumzi, akakunja uso. "Nani mwingine anaivaa? Humu wanapumua wawili."

Ndipo akaitwa mganga, Don Wilberto. Alinusa tu kitanki cha mashine, cha maji ya kulainisha hewa, akamgeukia Nelba. "Umetia maji gani humu?"

"Siku ya wafu, maji ya dukani yaliisha," Nelba alisema kwa aibu. "Nikamimina ile glasi tuliyomwekea baba mezani. Si yamebarikiwa?"

"Ole wako, binti! Marehemu anakuja na kiu ya mwaka mzima, wewe unampeleka kunywea puani mwa mkewe?"

"Sasa anataka nini?"

Eduviges ndiye aliyejibu, machozi yakimtoka. "Nilimfukuza akalale uani kwa koromo lake. Akakosa hewa, akafa peke yake. Anataka pumzi, mwanangu."

Wilberto akayamwaga yale maji kaburini kwa Fulgencio. "Siku tatu mashine isiguswe. Akikosa pa kupumulia, ataondoka. Mkiiwasha kabla, sitaweza tena kumrudisha kaburini."

Siku ya kwanza Eduviges alitania kwamba amepata likizo. Siku ya pili miguu ilivimba. Alasiri ya tatu, imebaki saa moja tu, alikuwa ameketi wima, midomo imeiva kama zambarau, akitweta na kumshika Nelba mkono bila kuweza kusema, na Nelba, aliyekuwa ameapa mbele ya mganga na mbele ya Mungu, akajikuta analia, anafunga mikanda ya barakoa, anabonyeza kitufe, kwani ni mwana gani angetazama saa mama yake akifa?

Hewa ikaingia. Mkono ukalegea. "Pumzika, mama," Nelba alisema, akashukuru.

Kisha akauona mkono wenyewe ulivyopoa, na kifua kilivyotulia. Mpira ulikuwa ukitetemeka kwa koromo nene, la mtu aliyeshiba usingizi, na chumba kizima kilinuka tumbaku.

Nelba akauchomoa waya ukutani.

Koromo halikukatika.