Hatamu Isiyo na Farasi

Jumamosi ile Lameck aliamka kama alivyoamka Jumamosi zote za miaka miwili iliyopita: saa mbili asubuhi, bila sababu. Akanywa chai ya rangi, akabeba kigoda chake hadi barazani, akafunga nyuzi zake kwenye msumari wa ukutani na kuanza kusuka. Mtaa wote wa Mkomaindo ulishamzoea. Mtu ana digrii ya Chuo Kikuu, *BA with Honours*, anakaa barazani kusuka hatamu za farasi, na farasi mwenyewe katika wilaya nzima hayupo hata wa dawa.

Haikuwa kazi. Ilikuwa namna ya kuizuia mikono isimpige mtu. Mwaka 1992 alirudi kutoka Dar na cheti chake ndani ya bahasha ya kaki, serikali ikamwambia ajira zimesitishwa. Mwaka uliofuata ikamwambia hivyo hivyo kwa barua, *we regret to inform you*, utafikiri kwa Kiingereza njaa inapungua. Soko huria lilikuwa limeshafika Masasi. Mitumba ruksa, betri za Kichina ruksa, wanunuzi binafsi wa korosho na magari yao ruksa. Kila kitu kiliruhusiwa isipokuwa Lameck kuajiriwa.

Ndipo alipofungua sanduku la babu yake, marehemu Cecil, aliyekuwa fundi ngozi wa misheni zamani zile mapadri walipojaribu kufuga farasi, kabla mbung'o hawajawamaliza wote. Ndani alikuta kisu cha kuchania ngozi, sindano butu, vipande vya misuko ya babu mwenyewe na kitabu cha picha. Akajifunza msuko wa nyuzi nne, ukaja wa sita, ukaja wa nane. Vikanda alivichana kwenye ngozi za mbuzi za buchani, akavilainisha kwa mafuta ya nazi. Yale manyoya marefu yanayong'aa, ambayo kitabu kilitaka yasukwe pamoja na ngozi, aliyapata kwa Nikolao, jirani yao mwenye banda la mitumba ng'ambo ya barabara. Nikolao alimuuzia sweta jeupe la kike lenye lebo iliyoandikwa *mohair*. Lameck akalifumua lote uzi kwa uzi.

"Msomi," Nikolao humwambia kila akipita, "mama wa watu kafa Ulaya kaacha sweta lake, wewe unamvisha farasi asiyekuwepo. Hivi hiyo digrii ilikuwa ya nini hasa? Ya ususi?"

Watu hucheka. Lameck anahesabu nyuzi.

Kwenye jalada la kitabu, babu aliandika sentensi moja kwa penseli: *Fundo la mwisho lifungwe mnyama akiwepo, na awe mnyama.* Lameck aliisoma mara moja, akadhani ni habari ya vipimo.

Kabla ya adhuhuri Land Rover ikasimama mbele ya baraza. Akashuka mzee wa miaka sitini hivi, kaunda suti ya kijivu, viatu safi mno kwa mtu aliyetoka safari.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Ndiye wewe unayesuka hatamu? Mimi Benedikto, wa Newala. Nanunua korosho." Akakaa bila kukaribishwa. "Nina farasi."

Lameck alibana kicheko. "Newala, mzee? Na mbung'o je?"

"Kwangu hawana shida. Farasi wangu ni wa maji. Anashuka bondeni Ruvuma, anapanda na mzigo. Nilijaribu punda, kile kilima kinawaua." Akatoa kamba ya katani yenye mafundo matano. "Vipimo hivi. Mdomoni usiweke chuma, weka ngozi iliyosukwa. Mdomo wake ni laini."

"Na malipo?"

"Taja wewe."

Bomba la mtaa lilikuwa na wiki ya tatu limekauka, na Lameck alikuwa na hasira zake za kila siku. "Nijazie pipa lile," akasema, akionyesha pipa tupu chini ya paa. "Hapa digrii hainyweki."

Mzee hakucheka. Alilitazama pipa kwa makini. "Farasi akishazoea njia, nitalijaza."

Wakati huo Yuster, mdogo wake Lameck, alikuwa anarudi kisimani, ndoo kichwani. Alikuwa na miaka kumi na tisa na barua ya kuanza mafunzo ya uuguzi Ndanda mwezi wa saba; mtu pekee katika nyumba ile ambaye barua yake haikuanza kwa masikitiko. Aliinama kidogo, akamwamkia mgeni. Mzee Benedikto hakumtazama usoni. Alimtazama mabega, akashuka hadi kwenye visigino, akarudi shingoni.

"Binti ana shingo nzuri," akasema, akaondoka.

Pale gari lilipokuwa limesimama, magurudumu yaliacha mchanga mweupe, laini, wa mtoni. Udongo wa Mkomaindo ni mwekundu.

Lameck alisuka siku tisa. Vipimo vilimsumbua. Alivilinganisha na jedwali la kitabuni, akakuta hata farasi mdogo kuliko wote amekizidi kichwa hiki karibu mara mbili. Akajiambia ni aina ya huku, wamedumaa kama sisi. Siku ya tisa likabaki fundo la mwisho, lile la nyuma ya sikio, na msuko hauwezi kukaa sawasawa bila kichwa cha kuukazia. Farasi hakuna. Akamwita dada yake.

"Njoo uwe farasi dakika mbili."

"Kaka, na wewe."

"Kaa hapa. Usitikisike."

Yuster akakaa kwenye kigoda anacheka. Alikubali hata kile kipande cha mdomoni, akalia kama farasi, mama yao akacheka huko jikoni. Lameck akavuta nyuzi, akafunga fundo. Hatamu ilimkaa kama kashonewa.

Kicheko kikakatika. Yuster akasimama mwenyewe, kichwa chini, mikono imelegea. Macho yalikuwa wazi. Hakuwa anatazama kitu. Alikuwa anasubiri.

Lameck akamvua haraka. Dada mtu akapepesa macho.

"Nani kasema twende?" akauliza.

Kesho yake asubuhi Mzee Benedikto alikuja kuchukua mzigo wake. Aliunusa kwanza.

Siku ya tatu Yuster hakuamka hadi saa nne. Siku ya tano pembe za mdomo wake zilikuwa zimechanika. Siku ya saba mama yao, Bi Ethel, alipomkanda miguu kwa maji ya moto, alikuta mchanga mweupe katikati ya vidole. Wakampeleka hospitali. Damu haikuwa na malaria, haikuwa na kitu. Muuguzi alimbinya mabega, akamfunika shuka tena taratibu.

"Anafanya kazi gani huyu?"

"Anasubiri kuanza chuo," Lameck akajibu.

"Haya ni mabega ya mtu anayepanda milima na mizigo."

Usiku huo Bi Ethel alitandika mkeka, akalala amebana mlango kwa mgongo. Yuster hakutoka. Alilala chali hadi alfajiri, akipumua kwa nguvu. Asubuhi mchanga ulikuwepo. Ulikuwa umelowa.

"Wanamtumikisha," mama akanong'ona, na hakulitaja lile neno, lakini kusini nzima tunalijua. Ndondocha, msukule wa kufanyishwa kazi usiku. "Wamempata wapi mwanangu? Nani aliyewafungulia?"

Lameck akasema hajui. Aliamini anasema kweli, kwa muda wa kama nusu saa.

Kisha akaenda kumlisha Yuster uji. Haukupita. Kulikuwa na kitu kimenasa kwenye lile pengo dogo la meno ya mbele, alilolipata utotoni alipoanguka kwenye mkorosho. Lameck akakivuta kwa kucha. Kikaja. Kikaendelea kuja. Uzi mweupe, mrefu, unang'aa.

Alizijua nyuzi zake.

Zilikuwa zimebaki wiki tatu Yuster aende Ndanda. Kwa ile hali, wiki tatu hakuwa nazo.

Lameck alidandia lori la korosho, akafika Newala jua likiwa la utosi. Mji ulikuwa umekauka kama gome. Watu walikuwa kwenye foleni ya ndoo kwenye ua mmoja tu, na hakuhitaji kuuliza ni wa nani. Walichota, wakaondoka. Hakuna aliyemtazama mwenzake.

Nyuma ya nyumba kulikuwa na matangi matano ya saruji, yote yamejaa pomoni. Lameck alitafuta banda la farasi. Hakuna. Alitafuta kinyesi, alitafuta alama za kwato. Akaenda hadi ukingoni, pale uwanda unapokatika na Ruvuma inaonekana chini kama ugwe. Njia ilikuwepo. Ilikuwa na nyayo za watu, peku, nyingi. Zote zinapanda. Hapakuwa na hata moja inayoshuka.

"Umekuja kumwona farasi," sauti ikasema nyuma yake.

Mzee Benedikto akamwongoza stoo. Hatamu ilikuwa kwenye msumari, inachuruzika. Kile kipande cha mdomoni kilikuwa kimetafunwa. Alama za meno zilikuwa wazi, na katikati yake, pengo.

"Mfungue dada yangu."

"Mimi sikumfunga." Mzee alisema polepole, kama mwalimu mvumilivu. "Fundo la mwisho ulifunga wewe. Mchana kweupe, kwa hiari yake, akiwa anacheka."

"Nitalikata."

"Kata. Atakatika huko huko alikolala."

Ukutani kulikuwa na hatamu nyingine tatu, kuukuu, nyeusi kwa umri. Msuko wa nyuzi nane. Mkono ule Lameck aliujua. Alikuwa amejifunza kwa kuuiga. Nyuma ya sikio, kila moja ilikuwa na nyuzi zinazoning'inia. Hazikufungwa.

"Babu yako alikuwa mkaidi," Mzee Benedikto akasema. "Kila nikienda anasema, lete mnyama kwanza."

Babu Cecil alifariki mwaka 1941.

Mzee akaitungua hatamu iliyolowa, akamkabidhi. "Halikatwi, linahamishwa. Mpate mwingine. Akubali mwenyewe, mchana, mbele ya watu. Usichelewe, nina wateja."

Angeweza kujivisha mwenyewe. Hilo tuseme wazi, na yeye alilifikiria njia nzima, amekaa juu ya magunia, hatamu inamlowesha mapaja. Lakini chuo kinafundisha kujenga hoja. Alipofika Mkomaindo alikuwa na hoja saba kwa nini isiwe yeye, zote zimepangika, *firstly* mpaka *finally*.

Kesho yake saa nne akavuka barabara. Nikolao alikuwa anatundika makoti, wateja kama kumi wamezunguka.

"Msomi. Farasi kakataa mzigo?"

"Kipimo kimekosewa," Lameck akasema. "Niazime kichwa."

"Kichwa changu? Utanilipa kwa Kiingereza?"

Watu wakacheka. Nikolao naye akacheka, kisha akashusha sauti. "Yuster anaendeleaje?"

"Anaendelea."

"Nimemwekea sweta la kwenda nalo Ndanda. Zito, kule asubuhi kuna ubaridi. Usimwambie nimempa bure, atakataa." Akavua kofia, akasogeza kichwa. "Haya, fanya haraka. Leo ukinitoa kasoro mbele ya wateja wangu, nakudai."

Mikono ya Lameck ilisimama. Ilisimama muda wa mtu kuvuta pumzi mbili. Kisha akalegeza fundo la nyuma ya sikio, akavuta, akafunga.

Mtu mmoja akapiga mluzi wa kuswaga ng'ombe. Vicheko vikapanda. Nikolao hakucheka. Aliinamisha kichwa, mikono ikalegea. Akasimama akisubiri. Wateja wakanyamaza mmoja mmoja, hawajui kwa nini. Koti likaanguka kwenye ubao. Hakuna aliyeliokota.

Jioni ile Yuster aliamka, akaomba ugali. Akala sahani mbili. Mwezi wa saba alipanda gari kwenda Ndanda, amevaa sweta zito la kijivu, anapunga mkono, na pengo lake linaonekana hadi kwenye kona.

Nikolao alikuwa anafungua banda saa tano, baadaye saa saba, baadaye hafungui. Hatamu aliichukua mzee mmoja mwenye Land Rover, watu wanasema, siku ile ile. Mwezi wa nane Nikolao alizikwa. Mmoja wa waliomwosha alisema wamemwaga maji ndoo sita na mchanga bado unatoka.

Lameck alikichoma kitabu cha babu na nyuzi zote zilizobaki. Hakusuka tena. Mtaa ukaona msomi amepona.

Wiki mbili baada ya maziko, Bi Ethel alimwita asubuhi na mapema. Bomba lilikuwa bado kavu, mtaa mzima ndoo zinagongana tupu. Pipa lao chini ya paa lilikuwa limejaa hadi ukingoni, maji yanatetemeka.

"Nani kateka?" mama akauliza. "Wewe?"

Lameck aliinama. Kwenye udongo mwekundu kulikuwa na nyayo za peku, zenye mchanga mweupe, zinakuja hadi kwenye pipa. Hazikuondoka. Mguu wa kushoto ulikosa kidole gumba. Nikolao alikipoteza kwa jembe akiwa mtoto. Ndiyo maana hakuvaa kandambili maisha yake yote.

"Mungu si Athumani," Bi Ethel akasema. Akachovya kikombe, akauondoa kwa kidole uzi mmoja mweupe uliokuwa unaelea, akampa mwanawe.

Kulikuwa na joto tangu alfajiri. Lameck alikishika kikombe kwa mikono miwili. Alikuwa na kiu sana.